Hatamu Zilizofungwa Miguuni

Sisi ambao meno ya utotoni yalitung'oka kabla televisheni haijafika Njoro tuna ugonjwa mmoja usio na dawa: hatuwezi kumwona kijana akifanya jambo bila kumweleza lilivyofanywa zamani. Mwaka huu umenizidia. Juzi nilikuwa mjini Nakuru nikakuta vijana wamepanga foleni, wamevaa kana kwamba wanakwenda kuposa, wakingoja zamu ya kupigwa picha juu ya farasi. Farasi mwenyewe alikuwa amekata tamaa ya maisha. Tandiko lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa kushonea magunia, kikuku kimoja cha kukanyagia kilikuwa juu na kingine chini, na mkanda wa tumboni ulikuwa umefungwa fundo, fundo hasa, kama kamba ya mbuzi anayepelekwa sokoni. Msichana mmoja alipandishwa kwa kusukumwa na wenzake watatu, akabenua midomo kama anayepuliza uji, akapigwa picha zisizopungua arobaini, akashuka bila hata kumgusa mnyama shingoni.

Nikamwambia mwenye farasi, "Kijana, hilo fundo litamchubua huyu mnyama."

"Mathe, usijali," akasema, macho yakiwa kwenye simu. "Hapa ni picha tu. Kwani anaenda wapi?"

Nikaondoka zangu kabla sijamwambia mimi ni binti wa nani. Nimekuja kuwaambia ninyi, watu wa rika langu, ambao hamna simu za maana za kuwakinga.

Baba yangu alikuwa fundi wa matandiko. Tulikaa kwenye kambi ndogo ya askari wa farasi kati ya Njoro na msitu wa Mau, mahali palipokuwa shamba la mlowezi. Msiitafute. Ilivunjwa zamani, na sasa pamejaa nyumba za kupangisha. Mlowezi aliondoka akaacha mazizi ya mawe yenye paa la vigae, na wakubwa, kwa hekima yao, wakawaweka farasi humo humo, sisi wakatujengea mabati. Farasi walikuwa na mfereji wao wa maji ya bomba. Sisi tulichota mtoni. Farasi walikuwa na daktari aliyekuja kila mwezi na mkoba wake. Sisi tulikuwa na nyanya mmoja jirani aliyetibu kila kitu, kuanzia mafua hadi mkono uliovunjika, kwa mafuta ya kondoo. Nikiugua nilikuwa namwomba Mungu anigeuze farasi, japo hadi Jumatatu.

Karakana ya Baba ilikuwa chumba cha mwisho cha mazizi. Harufu yake ninayo puani hadi leo: ngozi iliyopakwa mafuta ya kwato za ng'ombe, nta, jasho la farasi, na chai iliyosahauliwa kwenye kikombe cha bati. Baba aliketi kwenye stuli ya miguu mitatu, akabana katikati ya magoti koleo refu la mbao lililoshika ngozi, akatoboa kwa msharasi na kupitisha sindano mbili, moja ikija na nyingine ikienda, mikono ikifunguka kama ya mtu anayekaribisha mgeni. Alikuwa amejifunza kwa Mhindi mmoja mzee aliyewashonea walowezi, na kutoka kwake alirithi msharasi, kikohozi na msemo mmoja: "Ngozi haina raba." Maana yake, ukishakata umekata, hakuna kufuta.

Kazi yangu ilikuwa kupaka uzi nta. Niliianza nikiwa darasa la pili. Uzi nilioupaka vibaya Baba alinirudishia bila neno, nami nikaanza upya. Leo mtoto wa darasa la pili ukimtuma chumvi anakuuliza utamnunulia bando la ngapi.

Asubuhi tulikwenda shule miguu mitupu tukipita kwenye mashamba ya pareto, umande umeganda hadi majani yanalia chini ya nyayo. Tulikuwa tukisimama pale ng'ombe walipokuwa wamelala usiku ili tupashe miguu moto, na aliyewahi mahali ng'ombe alipotoka sasa hivi tulimhesabu tajiri. Shuleni mwalimu alikagua kucha, nami kila Jumatatu nilichapwa kwa sababu ya nta. Nilijaribu kueleza mara moja tu. "Unamjibu mwalimu?" akauliza, akaongeza mbili. Jioni nilipomweleza Mama, naye akaongeza moja ili nyumba isipitwe. "Heshima si utumwa," alisema, na hilo alilisema mara nyingi kuliko salamu. Chakula kilikuwa viazi kutoka Kuresoi, kwa babu, vilivyookwa kwenye jivu hadi ganda likawa jeusi. Ndani ulikuta unga mweupe unaounguza ulimi. Siku hizi viazi hivyo hivyo vinaitwa vibanzi, vinamwagiwa dawa nyekundu, na vijana wanavipiga picha kwanza kabla ya kula, kana kwamba vitatoroka.

Sasa niwatambulishe kwa mkubwa wa kambi. Jina lake halina haja, hata askari hawakulitumia. Walimwita Afande Rula, kwa sababu alitembea na rula ya mbao ndefu ya mwalimu wa hesabu. Alipima nafasi kati ya vitanda. Alipima mawe yaliyopakwa chokaa kando ya njia, na jiwe lililochomoza kidole kimoja lilifukuliwa na kuzikwa upya. Inasemekana aliwahi kupima mikia ya farasi na kuamuru miwili ipunguzwe. Kwake yeye, kitu kikishalingana kushoto na kulia kilikuwa kimekamilika, hata kama hakifanyi kazi.

Siku moja habari zikaja kwamba kutakuwa na gwaride kubwa Nakuru mjini, na mgeni wa heshima atakuja. Afande Rula alikuwa ameona mahali fulani picha ya mpiga ngoma wa jeshi akiwa juu ya farasi, na ngoma mbili za shaba zikining'inia huku na huku. Akataka naye awe na wake. Akamwita Baba.

Hapo lazima mwelewe Baba alikuwa wapi. Fundi mkuu wa zamani alikuwa amestaafu, na Baba alikuwa kaimu kwa mwaka wa tatu. Kaimu ni cheo chetu cha Kenya cha kumfanyisha mtu kazi bila kumwambia ndiyo wala hapana. Afande akamwambia waziwazi: matandiko ya mpiga ngoma yakipendeza siku hiyo, atathibitishwa kuwa fundi mkuu na kupewa nyumba namba tatu, ya mawe, yenye mfereji ndani. Yasipopendeza, ataletwa fundi mwingine, na fundi huyo atahitaji mahali pa kulala. Yaani hata yale mabati yetu yangepata mwenyewe, nasi turudi Kuresoi tukachimbe viazi vya babu.

Mama hakungoja. Kesho yake alipita kando ya namba tatu akijifanya anatafuta kuku, akapima madirisha kwa kanga, akaanza kushona mapazia.

Miezi miwili Baba hakuzungumza ila kuhusu ngozi. Kazi ya mpiga ngoma wa farasi ni kazi ya peke yake. Ngoma mbili ni mzigo, na mzigo usiposawazishwa unamvunja farasi mgongo. Baba alikwenda mwenyewe Elburgon kwenye viwanda vya mbao, akachagua vipande vya mti mgumu, akachonga kiunzi cha kubeba ngoma kinachokaa mbele ya tandiko bila kugusa uti wa mgongo. Alishona kifuani mkanda wa kuzuia mzigo usirudi nyuma, na chini ya mkia mwingine wa kuuzuia usiende mbele. Bizimu za shaba za kufungia mikanda alizisugua kwa jivu hadi nikaweza kujiona meno. Mama naye alishona mapazia mengine, ya kuvika ngoma, mekundu yenye nyuzi za dhahabu, na nina hakika yale ya namba tatu yaliongezewa uzi kidogo kutoka huko.

Lakini ufundi wenyewe ulikuwa kwenye hatamu. Fikirini: mtu anayepiga ngoma mbili mikono yake ina vijiti. Atamwongoza farasi kwa kitu gani? Kwa miguu. Hatamu zinatoka kwenye chuma cha mdomoni mwa farasi, zinashuka, zinafungwa kwenye vikuku anavyokanyagia. Akisukuma mguu wa kulia, farasi anakwenda kulia. Akisukuma wa kushoto, kushoto. Sisi watoto tuliposikia hivyo hatukulala.

Kaka yangu Yohana alikuwa na punda wa kuazima, wa jirani aliyeuza maji. Punda huyo aliitwa Diwani kwa sababu hakusogea mpaka umpe kitu. Tukamfunga mikebe miwili ya mafuta ya kupikia, tukachukua kamba za katani, tukazifunga kutoka mdomoni mwa punda hadi miguuni mwa Yohana. Nikampa Diwani ganda la ndizi, naye akaanza safari. Yohana akapiga mikebe. Naye Yohana, kama kila mtu aliyelelewa kwenye bendi ya kanisa letu, hakuweza kupiga kitu bila kukanyaga chini kwa mguu wa kushoto kuhesabu mdundo. Tu, tu, tu. Kila mdundo mguu ukashuka, kila mguu uliposhuka kamba ikavutwa, na Diwani akapinda kushoto, akapinda tena, akazunguka nyumba, akaingia kwenye kabichi za Mama. Yohana alizidi kupiga kwa hofu, na alivyozidi kupiga ndivyo Diwani alivyozidi kuzunguka juu ya kabichi.

Tulichapwa wote wawili. Punda akabaki na kabichi. Lakini Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana akitazama, na kwanza alicheka hadi akakohoa, kisha akaacha kucheka ghafla. Aliyechaguliwa kupiga ngoma alikuwa Koplo Wekesa, mtu mnene, mpole, mpiga ngoma wa ile ile bendi ya kanisa. Jumapili iliyofuata sisi tulifumba macho kuomba, Baba akautazama mguu wa Koplo Wekesa. Ulikuwa ukipiga sakafu hata wakati wa mahubiri.

Baba hakumwambia mtu. Alirudi karakanani akatengeneza hatamu ya kushoto ndefu kuliko ya kulia kwa upana wa vidole vinne. Vidole vinne tu. Mguu ukicheza mdundo, urefu ule ulimeza mchezo na farasi hakusikia kitu. Ukisukumwa kwa kusudi, hatamu ilikaza na farasi akatii. Akaniita akanionyesha, mimi na kucha zangu za nta. "Tabitha, unaona? Ngozi lazima imjue mtu." Nilijisikia mkubwa kama mlima Londiani.

Majuma mawili walifanya mazoezi. Farasi aliitwa Jenerali, wa kijivu, mkubwa kama choo cha shule. Wengine wote, kumi na sita, walifunzwa kumfuata popote aendapo. Koplo Wekesa alipiga ngoma huku mguu wake ukicheza kwa raha zake, na Jenerali alikwenda moja kwa moja kama reli. Afande Rula alitikisa kichwa kwa furaha, akasema ni kwa sababu ya mafunzo yake.

Siku moja kabla ya gwaride, mchana, akaja kukagua. Kila kitu kilikuwa kimepangwa juu ya meza ndefu, nami nilikuwa nimesimama kando na mkebe wa mafuta, Mama akiwa nyuma yangu na mapazia ya ngoma mkononi. Afande alipima mikanda. Alipima bizimu. Kisha akaziweka hatamu pamoja, sako kwa bako, akaweka rula juu yake. Akainama. Akainuka.

"Fundi. Hizi ni nini?"

"Ni hatamu, Afande."

"Naona ni hatamu, mimi si kipofu. Kwa nini hii moja ni refu? Mgeni wa heshima anakuja kuona kitu kimepinda?"

"Afande, iko hivyo juu ya mguu wa Koplo. Ule mguu wa kushoto..."

"Mguu wa Koplo unakuhusu? Mimi ndiye najua miguu ya askari. Wewe ni wa kushona. Kata hiyo zilingane."

Baba alikuwa na kisu mkononi, kile cha nusu mwezi cha kukatia ngozi. Koplo Wekesa mwenyewe alikuwa pale mlangoni, na mguu wake, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, ulikuwa umetulia. Nikafungua mdomo. "Lakini Afande, hata Diwani..." Mama akanifinya mgongoni, ule ufinyaji wa kina mama wa zamani unaoshika nyama na mfupa pamoja. "Mtoto haingilii," akaninong'oneza. Nikamtazama Baba. Nilikuwa na hakika atasema kitu. Huyu ndiye mtu aliyenirudishia uzi mara tisa kwa sababu ya nta iliyokosekana inchi moja.

"Ndiyo, Afande," Baba akasema, akakata.

Kile kipande cha vidole vinne kilianguka karibu na mguu wangu. Nikakiokota nikakitia kwenye mfuko wa sweta, kwa mazoea tu, maana sisi watoto tuliokota masalio yote ya ngozi kutengenezea manati.

Kesho yake tulipakiwa kwenye lori, shule nzima, tukiimba njia yote hadi Nakuru, tukakalishwa kwenye nyasi mbele na kupewa mkate na soda moja kwa watoto wawili. Lazima niseme ukweli: Jenerali alipoingia uwanjani watu walikodoa macho. Mapazia mekundu, shaba ikiwaka, ngozi nyeusi inang'aa kama ngozi ya mtoto aliyepakwa mafuta. Koplo Wekesa aliketi juu wima, vijiti vimeinuliwa, hatamu zote mbili zikilingana kabisa. Mama, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, alishika mkono wa Baba hadharani, kitu ambacho sijawahi kukiona tena.

Ngoma zikaanza. Mguu ukaanza. Na Jenerali, ambaye alikuwa mtiifu kuliko askari wote wa kambi ile, aliambiwa kushoto akaenda kushoto.

Koplo alijaribu kusukuma mguu wa kulia, na farasi akanyooka kidogo. Lakini mdundo ulipomrudia, mguu nao ukarudi. Wakazunguka mlingoti wa bendera mara moja. Farasi kumi na sita wakafuata, wawili wawili, kwa heshima kubwa. Wakazunguka mara ya pili. Amri ilikuwa kwamba ngoma hazinyamazi mpaka Afande ainue rula, kwa hiyo Koplo hakunyamaza. Jasho lilimtoka, hofu ikamfanya apige haraka, na kupiga haraka kukafanya mguu uende haraka, na mzunguko ukawa mdogo zaidi na zaidi hadi farasi wa mwisho alikuwa akinusa mkia wa wa kwanza. Nilimwangalia Yohana. Yohana aliniangalia. Hatukuweza hata kucheka.

Sasa sikieni maajabu. Watu walipiga makofi. Walidhani ndiyo maonyesho yenyewe. Kina mama walipiga vigelegele. Mgeni wa heshima aliinuka kwenye kiti chake, akapiga makofi naye, akamwambia wa kando yake kitu na wote wakatikisa vichwa kama watu wanaojua mambo ya farasi. Mambo yangeishia hapo. Mapazia ya Mama yangepata madirisha ya namba tatu. Lakini Afande Rula hakuvumilia kuona mduara mahali alipokuwa amechora mstari. Akatoka mbio uwanjani, kofia ikaanguka, akipunga rula na kupiga kelele, "Kulia! Wekesa, kulia! Nitakufunga!" Ndipo watu wakaelewa kwamba kuna jambo limeharibika. Makofi yakageuka kicheko. Na Jenerali, alipoona rula imeinuliwa, akasimama kama alivyofundishwa, mbele ya meza kuu kabisa, akaanza kula maua.

Jumatatu kulikuwa na kikao nje ya karakana. Afande Rula, macho mekundu, akasema mbele ya kambi yote kwamba hatamu zilikuwa mbovu na kwamba kazi ya kaimu ilimwaibisha. Akauliza, "Fundi, una la kusema?"

Kila mtu pale alijua. Koplo Wekesa alijua, akatazama viatu vyake. Mama alijua. Mimi nilikuwa na vidole vinne vya ngozi mfukoni, nikivifinya hadi kucha zikaumia, na nilingoja. Baba alitazama mbali kwenye msitu.

"Sina, Afande," akasema.

Kabla mwezi haujaisha tulikuwa kwenye lori la viazi lililokuwa likirudi tupu Kuresoi. Fundi mpya alikuja na mke na watoto watano, na nasikia hakuwahi kushona tandiko, ila alikuwa shemeji wa mtu. Nyumba ya babu ilikuwa na madirisha madogo kama ya kibanda cha kuku, na mapazia ya Mama yaliyapita hadi yakafagia sakafu. Hakuyakata. Baba alichimba viazi miaka kumi na minane. Alishona viatu vya majirani, kamba za ng'ombe, mikanda ya kanisa. Watu walimsifu sana. "Mtu wa heshima," walisema, "hana maneno." Kwenye mazishi yake mchungaji alisema hivyo hivyo, akazunguka na kurudia mara tatu, nami niliitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Hiyo ndiyo hadithi niliyowalea nayo watoto wangu. Kila walipojibu walimu, niliwatolea babu yao. Kila walipobisha, niliwaambia: babu yenu alipoteza nyumba ya mawe na hakutukana mtu. Niliisimulia kama sifa, na kusema kweli ilinisaidia sana, kwa sababu mtu anayesifu hana nafasi ya kuuliza.

Binti yangu Neema ana karakana yake mtaani Rhonda, Nakuru. Anashona viti vya magari na sofa, ana pete puani, nywele za rangi ya chungwa, na anapiga gumzo na wateja kana kwamba alicheza nao mpira wa kati utotoni. Mikono yake ni ya Baba. Akipitisha sindano mikono inafunguka vile vile. Juma lililopita nilikuwa nimemtembelea, nimekaa na chai yangu, nikiwaza namna ya kumwambia kuhusu zile nywele, akaja mzee mmoja na gari kubwa jeusi. Mtu wa kuogopwa, mwenye tumbo na walinzi wawili. Alitaka viti vya nyuma vivishwe ngozi nyeupe, na mikanda ya usalama ikatwe kabisa, kwa sababu ilikuwa ikiharibu umbo la viti.

"Mikanda siwezi kata, boss," Neema akasema. "Kuna watoto hukaa hapo nyuma?"

"Watoto wangu wanakuhusu?" mzee akauliza. "Wewe ni wa kushona. Kata."

Nami, mnisikie vizuri, niliinuka haraka. Nilimwambia yule mzee, "Samahani sana, Mheshimiwa, vijana wa siku hizi hawana adabu." Nikamgeukia binti yangu nikamfinya mgongoni. Ule ufinyaji wenyewe. "Kata, Neema. Mkubwa amesema."

Akautoa mkono wangu taratibu. Alikuwa na mkasi mkononi. Akauweka mezani.

"Sikati, Mum. Mzee, ukipata mwenye atakukatia, sawa, lakini si hapa."

Yule mzee aliondoka na gari lake na matusi yake, na hakurudi, na inasemekana amewaambia wenzake wasiende pale. Neema alifungua soda, akaendelea na kochi alilokuwa akishona. Nikaanza kumkaripia. Nilimwambia kuhusu heshima, kuhusu wakubwa, kuhusu chakula kitakachokosekana. Nikasema, "Sisi zamani, hata mkubwa akikosea, tulikuwa..." na sauti ikanikatika, nikabaki nimesimama katikati ya karakana yake na kikombe mkononi.

Neema akadhani ni shinikizo la damu, akaniletea kiti. Haikuwa damu. Miaka yote hii nimewatukana vijana kwa kinywa chao, na nitaendelea, maana zile picha za farasi bado zinaniudhi. Lakini mbele ya meza ile ndefu nilimngoja Baba aseme neno moja. Nilimngoja tena siku ya kikao, nikamngoja miaka kumi na minane kwenye viazi, akaenda kaburini hajalisema. Nimelisikia kwa mara ya kwanza Rhonda, kwa mtoto mwenye pete puani, huku mimi mwenyewe nikimfinya anyamaze.